Mlinzi wa Meli ya Sukari

Melini, nje ya bandari, Brazili
18 Februari 2024

Mama Winny,

Najua umekasirika. Umezoea kusikia sauti yangu kila nikifika bandarini, na tangu Krismasi hujasikia kitu. Sijaitupa simu majini. Tumetia nanga mbali na pwani, mtandao haushiki, na kushuka haturuhusiwi. Barua hii ataichukua padri anayehudumia mabaharia, ambaye huja na boti bahari ikitulia. Ile simu yako ya mulika mwizi haipokei picha, kwa hiyo ataipiga picha barua na kuituma parokiani kwenu, Elsie wa ofisini aichapishe akupe. Nawe ukiandika, mpe Elsie. Basi tumerudi kwenye barua, kama nilipokuwa chuoni Mombasa nawe ukinirudishia zangu umezisahihisha Kiswahili.

Habari yenyewe ni hii. Tulipakia sukari hapa, shehena ya kupeleka Mombasa. Kabla hatujang'oa nanga, mwenye meli akashtakiwa na watu aliofanya nao biashara, mahakama ikaizuia meli na kila kilichomo. Mwenyewe hapokei simu. Nahodha anasema kesi za namna hii huisha upesi, maana hakuna anayetaka sukari iharibike.

Tuko salama. Tunakula, tunacheza karata, na mpishi wetu Danilo anataka nimfundishe kusonga ugali. Mwambie Mzee kwamba Agosti nikirudi tutatoka pamoja kwenda kufungua dala langu, boma langu mwenyewe, kama tulivyoahidiana. Atafute jogoo, mimi nitaleta shoka.

Mkumbatie Winny.

Robinson wako


Kisumu
22 Mei 2024

Baba Winny,

Barua yako niliipata mwezi wa tatu. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia nikilia.

Ziwa limeingia nyumbani. Si maji ya mvua yanayokuja na kuondoka. Ziwa lenyewe limesogea, likakaa. Nyumba ya Mzee imebaki bati tu juu ya maji, na yetu ilianguka siku ya pili. Kambare wanaogelea pale nilipokuwa naanika omena. Tunalala darasani, shule ya msingi, familia tano tukigawanywa na leso zilizofungwa kwenye kamba. Mke wa mdogo wako Ouma amejifungua humo humo, mtoto wa kike, wamemwita Sheryl. Anakohoa, maana sakafu haikauki.

Mzee amepata ardhi juu, upande wa Kajulu, na kila mtoto wake wa kiume amepewa sehemu yake. Lakini unajua desturi kuliko mimi. Ouma hawezi kufungua dala lake kabla yako, na wadogo hawawezi kabla ya Ouma. Wewe ndiye kifungua mimba, nawe lazima uwepo kwa miguu yako. Mzee Owiti, ndugu ya Mzee, ameshakuja mara mbili kutukumbusha, kana kwamba kuna aliyesahau. Padri wetu wa hapa alijaribu kumwambia kuwa Mungu hapangi watu foleni ya nyumba. Owiti alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hapana.

Basi nyumba nzima inakungoja wewe. Sisi tumezungukwa na maji, nawe umezungukwa na maji, na hakuna anayeweza kumfikia mwenzake.

Chai bado nauza ufukweni Dunga. Wavuvi wanaitaka tamu kupita kiasi. Pakiti ya sukari imeandikwa ilikotoka, Brazili, nami nawaambia wateja kwamba mume wangu ndiye aliyeibeba. Mzee hapendi mzaha huo. Anakumbuka miwa yake ilivyokauka shambani kiwanda kilipofungwa, na sasa sukari inavuka bahari kuja kumkuta mezani. Anakunywa chai bila sukari kwa hasira, halafu namkuta anamwibia Winny peremende.

Njoo, hata kwa siku moja. Sema tu utakuja lini, nami nitakwenda kuwaambia.

Awuor


Melini
30 Julai 2024

Mama Winny,

Boti ya padri ilileta barua yako wiki hii. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nahodha ameshushwa, moyo wake ulimsumbua. Sheria ya hapa inasema meli iliyozuiwa lazima iwe na mtu wa kuilinda, na kwa kuwa mimi ndiye afisa mkubwa niliyebaki, mahakama imeandika jina langu. Ni jambo la muda. Tuko wanne: mimi, Danilo na mafundi wawili wa injini. Tunapiga soga, hatuko wapweke.

Ungeona nchi hii inavyofanya biashara. Ni kubwa, mtu anaweza kupanda basi wiki nzima asiimalize, na bado riziki yake yote inapitia mlango huu mmoja ninaoutazama. Kila asubuhi meli zinapanga mstari: za soya, za chuma, za kahawa, za sukari. Zinaingia tupu zikielea juu, zinatoka zimezama hadi shingoni. Nyingine zinaleta mbolea ya kulimia hiyo soya. Zikisimama mwezi mmoja tu, nchi yote itakosa pa kupeleka jasho lake. Na watu walioko nchi kavu hawatufikirii. Wanafikiri vitu hutoka dukani. Mimi mwenyewe nilikuwa naona fahari kuwa sehemu ya kazi hii, sasa meli zinatupita hata honi hazitupigii.

Kuhusu dala: mwambie Ouma ajenge. Mimi mkubwa wake nimesema. Kama wazee wanataka kuona kitu changu, wapelekee lile shati langu la bluu, lisimame mahali pangu. Yule mtoto hawezi kungoja mahakama.

Robinson


Kisumu
9 Oktoba 2024

Kaka Robinson,

Nisamehe kukuandikia kwa Kiswahili. Nilianza kwa Dholuo mara mbili nikashindwa. Kwa Kiswahili naona kama mtu mwingine ndiye anayesema.

Shati lako wazee walilikataa. Mzee Owiti alisema shati halifungui lango wala halilali ndani ya nyumba, na watu wakacheka. Mimi sikungoja. Ulikuwa umesema nijenge, nikapanda Kajulu, nikasimamisha nguzo, nikaezeka mabati, tukahamia. Hatukumaliza hata wiki, Sheryl akazidiwa. Hospitalini walisema ni nimonia, kwamba mapafu yalikuwa yameharibika tangu kule darasani. Alifariki Jumapili.

Mimi namwamini daktari. Mke wangu hamwamini. Anasema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Nimemruka kaka yangu na mtoto ndiye aliyelipa. Mama naye anasema hivyo hivyo, lakini anasema polepole. Nyumba nimeibomoa mwenyewe. Tumerudi darasani, na shule inataka darasa lake mwaka ukianza.

Sikulaumu, omera, ndugu yangu. Nilimuuliza Owiti kama hakuna njia nyingine. Akaniambia, "Mkubwa harukwi akiwa hai."

Awuor hajui kama nimeandika. Swali langu ni moja tu. Unakuja?

Ndugu yako,
Ouma


Melini
3 Desemba 2024

Ouma, ndugu yangu,

Nimempa padri namba yako ili barua hii ikufikie kwenye simu, isipite kwa Elsie. Isome ukiwa peke yako.

Pole kwa Sheryl. Sikumwona hata kwa picha. Mimi ndiye niliyesema ujenge, na ni rahisi mtu kusema akiwa mbali. Sijui kama ni chira au ni baridi. Najua kwamba mnalala darasani kwa sababu yangu.

Sasa ukweli. Niliandika kuwa tuko wanne, na siku ile nilikuwa peke yangu tayari. Danilo na mafundi walirudishwa makwao mwezi wa sita. Nimebaki mimi, kwa sababu meli lazima iwe na mtu na jina lililoandikwa ni langu. Nikishuka bila ruhusa nitakamatwa, na kesi haina tarehe. Jenereta imezima. Nakinga maji ya mvua kwa turubai. Sukari imeingia unyevu, imeganda kama ukuta, naibandua kwa nyundo na kuikoroga kwenye maji ya moto. Siku nyingine hicho ndicho chakula. Najisikia nikiita majina yenu kwa sauti, halafu naona aibu ingawa hakuna anayenisikia.

Umeuliza kama nakuja. Siji, Ouma. Si mwaka huu, na wa pili siuoni.

Owiti alikuonyesha njia, ila hakuimaliza. Mtu wetu akipotelea majini asipatikane, huzikwa yago mahali pake, lile tunda refu la mwegea, na mambo ya nyumbani yanaendelea. Nizikeni. Huhitaji kusema uongo wowote. Mimi nitanyamaza, sitamwandikia tena Awuor, na muda ukipita watasema wenyewe. Wewe usiwapinge tu.

Awuor asijue. Akijua atakataa mbele ya wote, maana yeye hawezi kuigiza kilio. Mtunze. Siwezi kuvumilia mtoto mwingine wa nyumba yetu afe akiningoja mimi.

Siku wakilia, lia nao.

Robinson


Kisumu
27 Februari 2025

Baba Winny,

Hii ni ya tatu bila jibu. Mwanzo nilifikiri ni boti, kisha nikafikiri ni Elsie, nikaenda kumfokea ofisini kwake bure. Alinionyesha kila alichotuma.

Shule imetutoa. Tuko kwenye mahema ya msaada, na upepo wa ziwa unatuimbia kutwa. Winny ananiuliza kama meli huwa zinasahau njia. Namwambia baba yake ndiye anayeishika njia yenyewe, hawezi kuisahau. Anaridhika mpaka jioni, halafu anauliza tena.

Mzee Owiti ameanza kusema "Robinson alikuwa". Alikuwa hivi, alikuwa vile. Nilimwachia chai yake mezani nikaondoka. Nilimtazama Ouma nikitegemea atamkatiza ami yake, lakini alikuwa anatazama chini.

Elsie alimwandikia padri wa huko kumuuliza kama u mzima. Lilirudi neno moja tu: "Tunamwombea." Mama aliposikia alishika kichwa akapiga yowe, na wanawake wa mahema yote wakaja. Mimi nasema watu walio hai pia huombewa. Nasema hivyo kila siku, na kila siku wanaonisikiliza wanapungua.

Niandikie mstari mmoja. Hata ukinitukana.

Awuor


Kisumu
18 Mei 2025

Robinson,

Jumamosi wamekuzika.

Ouma ndiye aliyetumwa kulikata yago. Walilifunga kitambaa cheupe wakaliweka kwenye jeneza la kawaida, la mtu mzima, huko Kajulu kwenye ardhi mpya ya Mzee. Walipokuwa wanashusha jeneza, lile tunda likabiringika likagonga ubao. Winny akaniuliza kama Baba ameumia kichwa.

Sikulia. Wanawake walinitazama vibaya, lakini machozi hayakuja, maana nilikuwa naona tunda. Ouma alilia kuliko Mama. Alianguka chini akisema nisamehe, nisamehe, mpaka wakamwinua watu wawili. Sikujua alikupenda kiasi hicho.

Nimevaa shati lako la bluu. Ndiyo desturi, mjane huvaa nguo ya mumewe mpaka siku ya kutakaswa. Walilikataa liliposimama mahali pa mtu hai, sasa wanalikubali. Wazee walimtaka Ouma anirithi na kunisimamia kama shemeji mtu anavyopaswa, naye akakataa, bila kutoa sababu. Nilimshukuru moyoni. Lakini mwanamke asiye na wa kumsimamia hajengewi nyumba. Ouma ameshaanza yake, na wadogo wamepimiwa viwanja. Mvua ikinyesha tunabaki mimi na Winny hemani.

Kama uko hai na umenyamaza, sijui nitakusamehe kwa moyo upi. Kama umekufa, basi wewe ndiye unisamehe mimi kwa kutokulia.

Elsie amekubali kutuma hii. Amenishika mkono akasema iwe ya mwisho.

Awuor


Nyumba ya Mabaharia, Brazili
20 Novemba 2025

Awuor,

Mimi ni mzima.

Keti kwanza, kisha uendelee. Barua zako zote zilinifikia. Padri, niliyemsihi asiseme kitu, alizileta, nikazisoma, na sikujibu kwa sababu nilikuwa nimemwambia Ouma anizike. Nilikuwa peke yangu kwenye ile meli, siwezi kushuka, na nyie mnaoza kwenye maji mkiningoja. Nilidhani nikiondoka njiani mtapita. Ouma asilaumiwe. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na sasa unajua yalikuwa ya nini.

Wiki iliyopita meli iliuzwa kwa mnada. Mwenye meli mpya ameleta mlinzi wake. Sukari yote imechimbuliwa na kumwagwa, haifai hata kwa nguruwe. Mtu alikuja na karatasi, akafuta jina langu, akaniambia nishuke. Muda wote huo, na kunifungua hakukuchukua hata muda wa kunywa chai. Nilipokanyaga chini nilianguka, miguu imesahau ardhi.

Wamisionari wamenipatia tiketi ya kuja nyumbani. Nimepiga namba yako, haipatikani tena. Kwa Ouma sijapiga, naogopa kuisikia sauti yake.

Ukiniambia nije, nitakuja. Najua sina lango la kuingilia Kajulu. Nitasimama barabarani, wazee waamue. Wakikataa tutapanga chumba mjini, mimi na wewe na Winny, hata kiwe cha mabati. Nilikuwa mjinga kufikiri kwamba mtu anaweza kujitoa kwa watu wake bila kuwachukulia kitu. Wewe nilikuchukulia mume ukiwa bado unaye.

Nakungoja.

Robinson


Kisumu
6 Desemba 2025

Kaka,

Barua uliyomwandikia Awuor iko mfukoni mwangu. Elsie alinipa mimi kwa sababu hakujua ampelekee wapi. Alikuwa ameisoma akiichapisha, lakini hajasema kwa mtu.

Awuor hayuko hapa. Mwezi wa nane alihamia Luanda Kotieno, anauza chai pale feri ya Mbita inapofika. Sasa anaishi na Wakhisi, fundi wa injini za boti, mtu mpole. Amemjengea nyumba ya vyumba viwili. Kabla hajaondoka alitakaswa, akalivua shati lako, akalifua, akalipiga pasi, akanikabidhi. Alisema amechoka kuwa mke wa tunda. Nilikwenda kuwaona mara moja. Winny anamwita Wakhisi Baba. Nilimuuliza nani amemfundisha, akasema hakuna.

Mke wangu atajifungua Februari, kwenye nyumba mpya. Mama anasema umemjia ndotoni kuomba jina, kwa hiyo akiwa wa kiume ataitwa Robinson. Jina la ndotoni huwa la marehemu.

Nilimuuliza Mzee Owiti kwa kuzunguka, kana kwamba ni habari ya kijiji kingine. Nikasema, aliyezikiwa yago akirudi, inakuwaje? Akasema nyumba zote zilizojengwa baada yake zibomolewe, waanze upya. Na watoto waliozaliwa humo? Akanitazama sana, akasema hao ndio watakaoamua kama ilikuwa chira. Mke wangu alikuwa anatusikia.

Wewe ni kaka yangu. Ukisema nibomoe, nitabomoa bila kuuliza. Luanda Kotieno ni safari ya asubuhi moja. Nimefika stendi mara mbili na barua yako, nikarudi. Niambie, nimpe?

Ouma


Bandarini, Brazili
11 Januari 2026

Ouma,

Usibomoe. Usimpe. Barua ichome, kisha mwambie Elsie umeipeleka, naye apumzike.

Mwambie Mama ni kweli nimemjia ndotoni. Akizaliwa mpeni jina. Shati mwekeeni, atalivaa akikua.

Tiketi ya wamisionari nimewarudishia. Wamenitafutia kazi kwenye meli nyingine, na jana nimeweka sahihi, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Meli zinaingia na kutoka kama zilivyokuwa. Nimeuliza watu wa hapa bandarini kama wanaikumbuka ile iliyokwama na mtu mmoja juu yake. Mmoja alisema anaikumbuka, kisha akanionyesha nyingine.

Tunapakia sukari, kwenda Mombasa. Tukifika sitashuka. Sukari itapanda malori, nyingine itafika Kisumu, na labda Luanda Kotieno. Awuor atawatilia watu kwenye chai. Usimwambie nani aliyeibeba.

Robinson